Dizeli Si Kilabu cha Pombe

Wewe kijana wa Chimala unayekula kwa jasho la lori, pawatila au mashine ya kukoboa mpunga, tega sikio. Wapo wanaoisifia spiriti ya miwa: eti tukiichanganya kwenye mafuta, tutaokoa fedha za kigeni. Sawa. Lakini uliza kwanza: kwenye injini ipi?

Jirani zetu wa Malawi, hapo ng'ambo ya mto Songwe, walianza mwaka 1982 kuchanganya spiriti ya Dwangwa. Waliitia kwenye petroli, ambayo huwashwa na plagi. Dizeli haingoji plagi. Inawaka kwa joto la hewa iliyoshindiliwa, na spiriti ni mbishi kuwaka hivyo. Tena dizeli ndiyo inayolainisha pampu na nozeli. Spiriti ni kavu, chuma kinasaga chuma. Zaidi ya hayo, spiriti hunywa maji. Yakizidi ndani ya tangi, mchanganyiko unajitenga, gari linakuzimikia katikati ya Kitonga.

Usidanganywe na mabasi ya spiriti ya Stockholm. Scania waliyaundia injini yake, yenye mshindilio mkubwa zaidi, na spiriti yenyewe ikatiwa dawa ya kuisaidia kuwaka. Lori lako la mtumba halikuzaliwa hivyo.

Mchanganyiko tumeshauonja. Walipochakachua dizeli kwa mafuta ya taa, nani aliumia? Mwaka 2010 EWURA ikaanza kuweka vinasaba kuwabana wezi. Mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi 400.30 kwa lita. Mwizi yuko kituoni, fimbo inamwangukia bibi mwenye kibatari! Na aliyeuliwa pampu akabaki na fundi wake.

Hoja ndiyo hiyo. Faida ya kuchanganya ni ya muuzaji, hasara ni ya mwenye injini. Lori likilala gereji, dereva na utingo hawana posho.

Basi tudai haya. Spiriti iishie kwenye petroli. Kituo kiandike waziwazi kinachouza nini. Sheria itamke nani atalipa pampu ikifa. Na mkubwa anayeona pombe inaifaa dizeli, aanze na shangingi lake. Likipanda Kitonga bila kukohoa, aje Chimala tuzungumze.