Ushuru wa Anayefanyia Kazi Nyumbani: Tupewe Kiwango Kimoja

Mimi huandika programu nikiwa hapa Sachangwan, kando ya barabara ya Nakuru kwenda Eldoret. Wateja wako mbali na ofisi ni chumba kimoja cha nyumba. Wenzangu wa kazi hii huniuliza swali moja kila mara: nitapunguzaje ushuru bila kuvunja sheria?

Jibu fupi: ondoa gharama za kazi kabla ya kukokotoa ushuru. Sheria ya Ushuru wa Mapato inaruhusu gharama zilizotumika kuleta mapato, na kwa ajili hiyo pekee. Neno "pekee" ndilo shida. Domeni na intaneti ya kazi havina ubishi. Kompyuta nayo huondolewa asilimia 25 ya bei kila mwaka, kwa miaka 4. Lakini stima na kodi ya nyumba? Balbu inayomulika kibodi mchana ndiyo inayomulika ugali usiku, na sheria hiyo hiyo inakataza kuondoa matumizi ya nyumbani. Ugawe vipi? Ujipange mwenyewe, kisha uombe KRA wakubaliane nawe.

Tangu Januari 2024 kuna sharti jingine: gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliki, isipokuwa chache zilizotajwa. Piga hesabu. Tuseme intaneti ni shilingi 4,000 kwa mwezi, yaani 48,000 kwa mwaka. Ukiwa kwenye kiwango cha asilimia 30, kukosa ankara kunakugharimu shilingi 14,400.

Hapo ndipo mtu wa kijijini anaumia kuliko wa Nairobi. Wa Nairobi hununua duka kubwa na ankara hutoka yenyewe. Huku kwetu, fundi wa sola anaandika bei nyuma ya karatasi ya sigara. Tangu Desemba 2024, sheria inamruhusu mnunuzi kuandika ankara mwenyewe kama mauzo ya muuzaji hayazidi shilingi milioni 5 kwa mwaka. Ni hatua nzuri, itumieni. Lakini mwambie fundi akupe PIN yake uone atakavyokutazama!

Maoni yangu: tuwe na kiwango kimoja kwa anayejiajiri nyumbani. Uingereza, ukifanya kazi nyumbani saa 25 hadi 50 kwa mwezi unaondoa pauni 10, na ukifikisha 101 ni pauni 26. Hakuna anayekuuliza bili ya stima. Marekani tangu 2013 ni dola 5 kwa kila futi mraba ya chumba cha kazi, mwisho futi 300. Pesa si nyingi, lakini ubishi umekwisha.

Mtasema watu watadanganya. Kiwango kikiwa kidogo na chenye kikomo, hasara ni ndogo. Hasara kubwa ni ya leo: mtu akishindwa kuthibitisha gharama za kweli, anashawishika kuficha mapato na kujaza fomu ya sufuri. "Tulipe Ushuru, Tujitegemee" ni wito mzuri, ila kulipa kusiwe adhabu kwa mkweli.

Kwa sasa, dai ankara siku ile ile unayolipa, weka kumbukumbu miaka 5, na jaza fomu kabla ya tarehe 30 Juni. Ukichelewa, faini ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, ile iliyo kubwa. Hiyo pesa afadhali ulipie intaneti.