Siku Moja ya Watoto



Ndugu zetu katika imani, shule zimefungwa kwa likizo ya Agosti, na madrasa yetu nayo imepumzika kwa juma moja. Kila zifikapo siku hizi hutujia swali lile lile, na safari hii limetoka kwa mama mmoja wa huku kwetu Adu. Asema kwamba watoto wake wanne, ambao mkubwa wao ana miaka tisa, wamemwomba babao awatembeze, naye amewajibu kuwa matembezi ni mambo ya watalii na wenye fedha. Mama huyu atuuliza: je, ni israfu kuwatembeza watoto ilhali mwaka wenyewe ni mgumu?

Swali hili twalipokea kwa heshima, maana twaijua Adu. Twaujua mwaka ambao mvua hupita mbali, mahindi yakakauka kabla ya kubeba, na dumu la maji likawa la kununuliwa. Mwenye nyumba anayehesabu kila shilingi katika hali hiyo hastahili kulaumiwa. Chakula cha watoto hutangulia, na anayekopa ili aonekane ametembea amejidhulumu. Hata hivyo, twaona ndugu yetu ameteleza mahali pamoja. Watoto wameomba siku moja ya baba yao, naye amesikia wakiomba fedha.

Twayasema haya kwa sababu nasi tuliteleza pale pale. Kwa miaka sita tulikuwa tukifundisha madrasa upande wa Kilifi, na mara mbili kwa juma matatu ilitupitisha njia panda ya Gede. Hatukushuka hata siku moja, wala hatukumpeleka mtoto. Mwanetu wa kwanza sasa ni mama. Mwaka jana tulimsikia akimsimulia mwanawe kwamba yeye Gede aliiona mara moja tu, alipopelekwa na shule. Mtoto akamuuliza, "Na babu je?" Akajibu kwa upole, "Babu alikuwa na kazi." Hakusema neno baya, lakini usiku ule usingizi ulichelewa kutujia.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa na kazi kuliko sisi sote. Juu ya hayo, imepokewa kwamba alishindana mbio na Bibi Aisha wakiwa safarini, akashindwa, na baadaye wakashindana tena akashinda. Alimliwaza mtoto Abu Umayr aliyefiwa na kijidege chake, na wajukuu wake walimpanda mgongoni naye yu katika sijda, asiwaharakishe kushuka. Basi ni nani kati yetu mwenye shughuli kubwa kuliko hizo?

Na tutaje safari tatu ambazo familia ya huku yaweza kuzimudu, tukianza na ya karibu.

Ya kwanza ni Marafa, jirani yetu. Pale pana bonde la udongo na mchanga mgumu, lililochongwa na mvua na upepo kwa dahari nyingi, lenye rangi nyekundu, nyeupe na za machungwa. Wagiriama hupaita Nyari. Wazee husimulia kwamba palikuwa na tajiri mwenye ng'ombe wengi, ambaye watu wa nyumba yake walikuwa wakioga maziwa kwa kiburi, hata ardhi ikawameza. Hayo ni masimulizi, lakini mtoto wa Adu, aliyewaona ng'ombe wakikonda kwa kiangazi, hahitaji kufafanuliwa maana ya kuyaoga maziwa. Mketishe ukingoni, umsimulie, kisha umuulize ni neema gani sisi huimwaga. Nendeni baada ya Alasiri, jua likiwa limepoa na rangi zimekolea, kwa kuwa adhuhuri joto la mle bondeni ni kali. Shikeni watoto mikono, maana kingo humomonyoka, na mrejee mapema.

Ya pili ni pwani ya Mambrui au Malindi, na hii twaomba mwipange kwa mwezi. Familia ya Kiislamu ina kalenda ya maji ukutani pasipo kujua. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu kama tarehe kumi na tano, ndizo siku za bamvua. Siku hizo, katika pwani yetu, maji hupwa sana kama saa nne au saa tano za asubuhi, na ufuo ukawa uwanja mpana. Watoto wadogo watafukuza kaa, wataokota kome, na kujenga nyumba za mchanga bila hofu ya wimbi. Ifikapo alasiri bahari imerudi na kujaa, nanyi mwe mmekwisha kuondoka. Mwezi huu wa Agosti upepo wa kusi ungalipo na mawimbi yana nguvu, basi mtoto asiingie majini ila ameshikwa mkono. Katika mlango wa mto Sabaki msiogeshe watoto kabisa, kwani pana viboko na mkondo ni mkali. Ndege wa pale watazameni kwa mbali, mkiwa pamoja na mwenyeji. Wanaokwenda Malindi waswali Adhuhuri Msikiti wa Juma, karibu na bahari, na kuwaonyesha watoto makaburi ya kale yenye mnara yaliyo hapo kando.

Ya tatu ni Gede, nayo yataka siku nzima. Panda gari la alfajiri hadi Malindi, kisha matatu ya barabara ya Mombasa, na kushuka njia panda. Kutoka hapo ni mwendo wa miguu ambao mtoto wa miaka mitano auweza. Kiingilio cha raia ni kidogo kuliko cha mgeni, na cha mtoto ni kidogo zaidi, kwa hiyo chukua kitambulisho. Ficha chakula kikapuni, kwa sababu kima wa pale wamezoea kupokonya, na usimwache mtoto akachungulia visima peke yake.

Gede ulikuwa mji wa Waislamu, wenye kuta, msikiti mkuu, jumba la mfalme, na nyumba za mawe zilizokuwa na vyoo na maghala. Ulihamwa karne ya 17, msitu ukaufunika, na mwaka wa 2024 ukaingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Waliochimbua waliziita nyumba kwa vitu walivyovikuta ndani yake, kama vile mkasi, taa ya chuma, na kisanduku cha pembe. Wape watoto majina hayo, uone watakavyokimbia kuzitafuta. Kisha wapeleke kwenye kaburi lililoandikwa mwaka wa 802 Hijria. Mwenye kujua hesabu atoe 802 katika mwaka wetu wa leo, naye ataduwaa.

Agosti iliyopita tulimpeleka yule mjukuu. Aliingia katika msikiti usio na paa, akaenda moja kwa moja hadi kibla, akasimama. Akatutazama, akasema, "Babu, hawa walielekea tunakoelekea sisi." Darsa zetu nyingi za tarikh hazikumfikisha mtoto pale alipofikishwa na miguu yake mwenyewe.

Sasa tuna neno kwa akina baba, na akina mama watustahimilie. Katika safari hiyo mwenzetu wa nyumbani aliamka saa tisa za usiku akakaanga mahamri, akapika mbaazi, akabeba kikapu na mtoto mchanga. Kule alimenya, akapakua, akafuta pua, akaosha vyombo. Tuliporejea tukamuuliza amekionaje Gede. Akatwambia, "Nimeiona sufuria." Tulicheka, kisha tukanyamaza. Ikiwa mama amehamishiwa jiko lake chini ya mbuyu, basi yeye hakutembea. Bibi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wake. Basi chakula kiwe chepesi: mihogo ya kuchemsha, mayai, matunda ya msimu, chupa ya chai, na maji ya kutosha kutoka nyumbani. Kipikwe jioni kwa mikono ya wote. Baba abebe mchanga na kikapu, na mama apewe saa moja aketi, atazame, asiulizwe kitu.

Na fedha? Wekeni kibubu penye macho ya watoto. Shilingi 20 kwa siku, kwa muda wa miezi mitatu ambao ndio kama muhula mmoja wa shule, ni shilingi 1,800. Zisipotosha Gede, zitatosha pwani. Zisipotosha pwani, Marafa ipo. Na siku ambayo hata hizo zimeliwa na unga, tokeni kwa miguu baada ya Alasiri hadi kwenye mti mkubwa nje ya mji, mkeka kichwani, chai mkononi, na simu ya baba ibaki nyumbani.

Kwa mama aliyetuuliza, jawabu letu ni kwamba si israfu, maadamu hamkukopa wala hamkupunguza chakula. Msomee mzee maneno haya kwa wakati aliotulia, wala usimsomee mbele ya watoto. Na akikubali, mwache yeye mwenyewe awatangazie, ili furaha ile waipokee mkononi mwake.

Mwenyezi Mungu atuteremshie mvua yenye manufaa, atubarikie vizazi vyetu, na atujaalie kuwa miongoni mwa wale ambao watoto wao wakiwakumbuka watawakumbuka wakiwa nao. Amin.

Wabillahi tawfiq.