Fundi alipwe kwa macho yake

Tuseme gari ni Toyota IST na mwenyewe anaishi Mbagala. Injini imeanza kugonga, moshi wa bluu unatoka kila akikanyaga mafuta. Fundi anachomoa kijiti cha oili, anakinusa, anatikisa kichwa: "Bosi, mashine hii imekwenda. Ukifanya ovahoo utakula hasara, tutafute ya Japani." Jioni hiyo fedha zinatumwa kwa simu. Kesho yake mchana kirikuu kinaingia gereji kikiwa na mashine iliyofungwa kamba, imeoshwa mpaka inang'aa. Mwenye gari hajui imenunuliwa duka gani, nani ameipima, wala kati ya fedha alizotuma ni kiasi gani kimefika kwa muuzaji.

Ndivyo injini nyingi za mtumba zinavyonunuliwa Dar es Salaam, kutoka Tegeta mpaka Tandika. Lawama ikija, huangukia chuma: mashine mbovu, bahati mbaya. Ukweli ni kwamba ununuzi uliharibika mapema zaidi, pale aliyepewa kazi ya kuchagua alipokuwa analipwa na anayeuza.

Mjini kila mtu anakijua cha juu. Muuzaji wa vipuri wa eneo la Gerezani anataja bei, fundi anaongeza yake, au muuzaji anamrudishia kitu mkononi. Ni rahisi kumwita fundi mwizi, lakini si haki. Amepanda daladala, amepoteza siku, ametumia ujuzi wa miaka, na hakuna aliyepanga kumlipa kwa hayo. Mteja analipia kufunga mashine tu. Kuichagua anaona ni msaada. Kwa hiyo fundi anajilipa mwenyewe, na akishajilipa kupitia muuzaji, atapata wapi ulimi wa kusema bidhaa ya muuzaji huyo haifai?

Dawa yake iko wazi: fundi alipwe siku ya ukaguzi, kwa bei iliyokubaliwa, hata kama atarudi mikono mitupu akisema hakuna injini ya maana aliyoiona. Bei ya mashine mwenye gari aimalize mwenyewe na muuzaji. Atakayeona ni gharama ya ziada ajiulize kushusha mashine mara ya pili kutamgharimu kiasi gani.

Neno "Japani" lenyewe limebeba mzigo usio wake. Kule gari hukaguliwa kwa lazima, ukaguzi unaoitwa shaken: gari jipya baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2. Gharama zake ni sababu mojawapo ya magari yenye uhai kuuzwa nje au kuchinjwa. Tangu Januari 2005 kuna sheria ya kuchakata magari yaliyokwisha kazi, na vipuri vyake huingia sokoni kwa mkondo unaoeleweka. Vingine hupitia Sharjah, kwenye maduka ya vipuri vilivyotumika, kabla ya kufika bandari ya Dar. Yote hayo ni habari njema, lakini hakuna hata moja inayosema hali ya silinda namba 3. Mita ya kilomita inabaki kwenye dashibodi, haisafiri na injini. Na mashine iliyolala mwaka mzima uani, matundu yake wazi, kwenye hewa ya chumvi ya pwani, inaweza kuwa na ringi zilizoshika kutu hata kama ilitoka Nagoya ikiwa nzima.

Basi fundi aliyelipwa kutazama atazame nini? Aanze na kifuniko cha kujazia oili. Ute mweupe kama maziwa chini yake ni dalili ya maji kuchanganyika na oili. Afungue kava ya valvu: chuma chenye rangi ya asali kimetunzwa, tope jeusi lililoganda linasema oili ilikuwa haibadilishwi. Atoe plagi zote nne azipange kwa mfuatano. Moja ikiwa imelowa oili na nyingine kavu, hapo pana swali. Azungushe mashine kwa spana, kwa mkono, mizunguko miwili kamili, asikilize inapokwama.

Halafu apime kompresheni, na hapa ndipo biashara nyingi hukatikia. Muuzaji husema hana betri, hana starta, mashine iko chini. Geji ya kompresheni ni kifaa kidogo ambacho gereji yoyote inaweza kuwa nacho, na betri si kitu cha kukosekana Gerezani. Plagi zote zikiwa nje na throto imefunguliwa, kila silinda inapimwa. Kwenye injini nyingi za Toyota, silinda na silinda zisipishane zaidi ya kilo 1 kwa sentimita ya mraba, sawa na psi 14 hivi. Iliyo chini imwagiwe kijiko cha oili ipimwe tena: ikipanda, ringi zimechoka, isipopanda, tatizo liko kwenye valvu. Mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, gasketi ya silinda hedi ishukiwe kwanza. Kipimo hicho hakichukui hata saa moja. Muuzaji anayekikataa ameshatoa jibu.

Jina la injini nalo lisomwe mpaka herufi ya mwisho. IST ya NCP60 ilitoka na 2NZ-FE ya cc 1,300, NCP61 na 1NZ-FE ya cc 1,500. Hiyo 1NZ-FE imo pia kwenye Probox, Raum na Fielder, ndiyo maana haikosekani sokoni. Lakini ipo pia 1NZ-FXE ya Prius, ndugu yake wa sura, iliyoundwa kusaidiana na mota ya umeme: ikiwa peke yake ina nguvu za farasi 77, wakati ya IST ina 109. Hata kati ya 1NZ-FE zenyewe, za zamani zina throto ya kebo na za baadaye zina throto ya umeme. Ukichanganya, waya na kontrol boksi havitaelewana. Wanaotafuta 1ZZ-FE kwa ajili ya Premio au Spacio waulizie za miaka ya baadaye, kwa sababu za mwanzo zinajulikana kwa kula oili kutokana na pistoni na ringi zake. Na mwenye Nadia ya D-4 asifikiri kuwa D-4 nyingine itamponya. Teknolojia hiyo, ambayo Toyota iliianza mwishoni mwa 1996, humwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo valvu za kuingizia hewa hazioshwi na mafuta na masizi hujijenga juu yake. Wapo mafundi wanaoing'oa na kuweka 3S-FE ya kawaida pamoja na waya zake, na mara nyingi huo ndio uamuzi wenye busara.

Mashine ikishapatikana, kuna swali ambalo gereji nyingi haziulizi: ya kwanza ilikufa kwa nini? Kama ilichemsha, rejeta iliyoiua bado iko kwenye gari. Maji ya kisima ya Temeke na Mbagala yana chumvi, na ndiyo yanayomiminwa humo miaka nenda rudi. Thamostati imeng'olewa zamani, eti gari lipoe. Injini inayofungwa bila rejeta kusafishwa, thamostati mpya na kulanti inafuata njia ileile ya marehemu.

Na karatasi? Kwenye maduka mengi kibao kinasomeka kwamba mali ikiuzwa hairudishwi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ina masharti kuhusu ubora wa bidhaa na kufaa kwake kwa kazi ambayo mnunuzi amemweleza muuzaji, lakini haimlindi mnunuzi dhidi ya kasoro ambayo ukaguzi wake mwenyewe ulipaswa kuifichua. Kwa hiyo makubaliano yaandikwe: siku ngapi za majaribio, na mashine ikigoma nani analipa kushusha na kupandisha. Risiti ya EFD idaiwe, namba ya injini iandikwe juu yake. Namba hiyo inahitajika TRA, kwa sababu kadi ya gari bado ina namba ya mashine iliyotolewa, na gari lenye namba mbili tofauti litamsumbua mwenyewe siku ya kuuza au siku polisi watakapofungua boneti. Namba imechongwa kwenye bloku, na mara nyingi mashine ikishakuwa ndani ya gari huonekana kwa tabu. Ipigwe picha pale dukani, kabla kirikuu hakijawashwa.