Faili Likikataa Kufutika

Kama unaishi Kisii au Nyamira, sina haja ya kukusimulia habari za radi. Alasiri nyingi upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hukwea milima ya Gusii, mawingu yakatanda, na kabla akina mama wa soko la Daraja Mbili hawajafunika nyanya zao, ngurumo zishaanza na stima imekwenda zake.

Mpwa wangu kutoka upande wa Nyamira, mwanafunzi wa mwaka wa nne, alikuwa katika saiba moja mjini Kisii stima ilipopotea. Flashi yake ilikuwa kwenye kompyuta, ripoti ya mradi wake ikihifadhiwa. Stima iliporudi, alikuta mafaili yenye majina yasiyosomeka. Moja lilidai liliandikwa mwaka wa 2087! Matatu yalidai gigabaiti 3 kila moja, ilhali flashi nzima ni ya 8. Akajaribu kuyafuta. Kompyuta ikamjibu kwamba faili hilo halipo. Analiona kwa macho yake, lakini halipo.

"Fomati tu, dada," kijana wa saiba akamshauri. Bahati njema alinipigia simu kwanza. "Mjomba, nifomati?"

Hasha! Nawe msomaji usikubali.

Aghalabu kilichoharibika ni sajili ya diski. Kila diski ina sajili yake, kama ile ya ofisi ya ardhi, inayoonyesha faili lipi limeshika kipande kipi. Stima ikikatika katikati ya kuandika, sajili hubaki nusunusu. Ndipo unapokuta mafaili mawili yanadai kipande kimoja, mithili ya ndugu wanaogombania mpaka wa shamba la marehemu baba yao (na kwetu Gusii, ardhi ilivyo haba, kesi hizo tunazijua). Kufuta faili ni kuandika katika sajili iyo hiyo. Jina likiwa na alama ambazo kompyuta yenyewe haikubali, haioni cha kufuta. Na ile 2087? Sajili ya flashi nyingi huhesabu miaka kutoka 1980 hadi 2107, kwa hivyo takataka zikiingia mahali pa tarehe, husomeka kama tarehe.

Basi kwanza okoa. Nakili kila linalofunguka hadi kwenye diski nyingine iliyo nzima. Kwa yasiyofunguka, kuna PhotoRec, programu ya bure inayosoma vipande vyenyewe bila kuiuliza sajili. Jina lake ni la picha lakini huokoa maandishi pia. Usihifadhi chochote kwenye flashi gonjwa.

Ndipo urekebishe sajili. Katika Windows, fungua dirisha la amri kwa ruhusa ya msimamizi wa kompyuta (saiba itakubidi uombe), kisha andika chkdsk E: /f, ukiweka herufi ya flashi yako badala ya E. Vipande visivyo na mwenyewe hukusanywa katika folda iitwayo FOUND.000. Baada ya hapo yale makaidi mara nyingi hufutika kama mengine. Yakizidi kukataa, sasa fomati, maadam mali yako iko salama kwingine.

Lakini diski ya ndani ya kompyuta ikianza kugonga-gonga, usiirekebishe wala usiisome. Zima, uipeleke kwa fundi, kwani kila inapozunguka yaweza kujikwaruza zaidi. Na flashi isiyokubali hata kufomatiwa mara nyingi imekwisha, nunua nyingine.

Mpwa wangu tuliketi naye Jumamosi nzima. Sura nne kati ya tano tulizipata. Ya tano ilirudi vipande vipande, akaiandika upya kutoka kwa nakala ya karatasi aliyokuwa amempa mwalimu wake, ile iliyojaa wino mwekundu. Siku hizi wingu likitanda tu, anajitumia ripoti kwa barua pepe.