Zumu Moja ya f/2.8 Inatosha, Acheni Kututisha na Fulfremu

Wasee, wacha niseme hii kitu mara moja halafu mnitukane vizuri: kama una kamera ya kropu na pesa ya lenzi moja tu, nunua zumu ya f/2.8. Si praimu tatu. Si 24-70 ya fulfremu "juu utapanda daraja mwaka ujao". Na hiyo bodi yako usiiuze.

Najua mmeambiwa tofauti. Kila mtu mwenye kamera kubwa ni profesa siku hizi. Ati zumu ni ya wavivu, ati kropu ni ya watoto, ati mteja serious ataangalia kamera yako kwanza. Niliacha chuo, sina cheti cha kitu chochote, lakini hesabu ya darasa la tano bado naiweza. Tuifanye.

Kihisi cha kropu ni kidogo kuliko cha fulfremu, kwa hivyo kinachukua katikati ya picha na kuacha kingo. Kwa Canon unazidisha milimita za lenzi kwa 1.6. Kwa Nikon, Sony na Fujifilm unazidisha kwa 1.5. Sasa chukua hiyo 24-70 yao ya bei ya pikipiki, ifunge kwa Canon yako ya kropu. Inaona kama 38-112. Shida iko hapo mwanzo, kwa 38. Ukiwa bedsitter ya mteja, ama kwa hema la ruracio limejaa mashangazi, unarudi nyuma mpaka ukuta unakushika na bado watu wawili wamekatwa. Lenzi ya 17-50 iliyotengenezwa kwa kropu inaanza kama 27. Ni nyepesi, ni rahisi zaidi, na watu wote wameingia kwa picha.

"Lakini nitahamia fulfremu." Lini? Kama tarehe unayo na pesa iko kwa akaunti, sawa, nunua. Kama ni ndoto tu, unalipia leo kamera ambayo huna, na unafanya kazi ya leo vibaya.

Tuje kwa watu wa praimu. Hoja yao ina ukweli, sitakataa: 50mm f/1.8 ni ya bei nafuu na inapitisha mwanga zaidi ya mara mbili kuliko f/2.8. Kwa portrait Arboretum, mtu amesimama, mna masaa mawili, ni tamu sana. Lakini kwa Canon ya kropu hiyo 50 ni kama 80mm. Sasa niambie, bibi harusi anatoka kwa nyumba, akina mama wanapiga vigelegele, watoto wako miguuni mwako, wewe unabadilisha lenzi kwa vumbi? Hiyo sekunde haitarudiwa. Nani atamwambia nyanya ya mtu arudie kucheka? Praimu ni lenzi ya pili. Ya kwanza ni ile inakulipia rent.

Na ile 18-55 iliyokuja na kamera? Sitaitukana. Mchana, nje, inafanya kazi, na kama bado hujalipwa gigi hata moja, tumia hiyo na uweke pesa. Shida inaanza jua likizama. Ukivuta mpaka 55, tundu lake linaishia f/5.6. f/2.8 inapitisha mwanga mara nne ya hapo. Mahali kit inakulazimisha ISO 6400, unapiga na 1600. Hiyo ndiyo tofauti kati ya uso wa mtu na uso uliojaa chengachenga kwa ukumbi wa kanisa.

Basi ununue gani? Kama una Sony E, Fujifilm ama Canon RF, iko Sigma 18-50 f/2.8, uzito wake ni kama gramu 300. Sony na Fujifilm mna pia Tamron 17-70 f/2.8, kubwa zaidi, lakini ina VC ya kutuliza mtikisiko wa mkono. Hapa muwe makini: ile Sigma haina, na bodi kama ZV-E10 pia haina kitulizo ndani ya kihisi. Kama unarekodi video ukitembea, hiyo ni sababu ya kweli ya kuongeza pesa. DSLR ya Canon ama Nikon, tafuta Sigma 17-50 f/2.8 OS ya mkono wa pili. Watu wa Nikon D3000 na D5000 na ndugu zao, bodi zenu hazina mota ya fokasi. Lenzi isipokuwa na mota yake, utafokasi na mkono mpaka ulie.

Ukienda kununua ya mtumba, beba kamera yako. Piga mwanzo, katikati na mwisho wa zumu, tundu likiwa wazi kabisa. Mulika ndani na tochi ya simu, utafute kuvu. Muuzaji akikuambia hakuna haja ya kujaribu, toka.

Hasira yangu inatoka hapa. Kuna vijana wanachukua mkopo wa simu ndio wafike fulfremu, kabla ya kulipwa hata gigi tatu. Na wanaowashauri mara nyingi ndio wako na kamera ya kuwauzia, ama linki ya duka chini ya video. Gigi ikikosekana mwezi mmoja, kamera inauzwa kwa hasara na kijana anaamini hana kipaji. Kipaji alikuwa nacho. Alipewa tu hesabu mbaya.

Usiniamini mimi, ziulize picha zako. Fungua 100 za mwisho, soma milimita zilizoandikwa kwa kila moja. Kama nyingi ziko kati ya 17 na 50, jibu unalo. Kama zote ziko 200 juu unapiga rugby ama ndege, hii posti haikuwa yako, na tubaki marafiki.

Maprofesa, comments ziko wazi. Leteni hesabu, si matusi.