Kivuli cha Nyumba ya Mlimani

Kama wakaa Igogo au Mabatini, hapa Mwanza, wajua kwamba jua la alasiri huyapasha mawe moto, nayo huurudisha joto jioni, watoto watakapo kulala. Basi kibanda cha kivuli na kijengwe magharibi mwa nyumba. Taabu ni nguzo: jembe halichimbi jabali. Wengine huziegemeza tu, wakaweka bati na kulikandamiza kwa mawe. Hatari iliyoje! Dhoruba ikilibeba, bati litamwangukia jirani wa chini na wanawe. Simamisha kila nguzo katika nusu ya pipa, ulijaze zege. Juu funga fito, upandishe mkarakara. Upepo wa ziwani hupenya majanini. Hadi utande, mkeka mkuukuu watosha.