Nani Kasema Ameponea Hospitali?

"Kajifanya kichaa, kakwepa jela." Hayo ndiyo maneno ya mtaani kila mahakama inapoamuru mshtakiwa apelekwe hospitali ya wagonjwa wa akili. Aliyeumizwa akiyasema kwa uchungu, namwelewa. Lakini si kweli, na kwa sababu ya maneno hayo watu wema wameridhia ukatili bila kuuliza.

Kwanza, anayepelekwa huko kwa kuwa hawezi kujitetea hajaachiwa huru. Kesi yake imesimama tu. Akipata nafuu anarudishwa kizimbani, asomewe mashtaka yaleyale. Sasa amekwepa nini? Asipopata nafuu, ndipo balaa linapoanza.

Theon Jackson wa jimbo la Indiana, Marekani, alishtakiwa mwaka 1968 kwa unyang'anyi mara mbili: mkoba na vilivyomo, thamani yake dola 4, na fedha taslimu dola 5. Alikuwa na miaka 27, hasikii, hasemi, hajui kusoma wala kuandika, na akili yake ilikuwa ya mtoto ambaye hajaanza shule. Madaktari wawili waliieleza mahakama kwamba haelewi mashtaka, hawezi kumsaidia wakili wake, na matumaini ya kubadilika ni finyu. Mahakama ikaamuru azuiliwe mpaka ithibitishwe kwamba ana akili timamu. Angeitoa wapi? Ilielezwa pia kwamba Indiana yenyewe haikuwa na mahali pa kumfundisha mtu wa hali yake hata mawasiliano ya msingi. Wakili wake alisema wazi kuwa hicho ni kifungo cha maisha kwa mtu ambaye hajatiwa hatiani.

Mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani inatoa uamuzi, Juni 1972, Jackson alikuwa amekaa kizuizini miaka mitatu na nusu. Kwa dola 9! Mwizi mwenye akili zake angekuwa na tarehe ya kutoka. Yeye hakuwa nayo. Jaji Harry Blackmun aliandika kwamba mtu wa namna hiyo asizuiliwe kupita muda wa kuridhisha wa kujua kama ataweza kusimama kizimbani. Ikionekana hataweza, serikali ifuate utaratibu uleule wa kumlaza raia mwingine yeyote anayeumwa, au imwachie. Idadi ya siku, mahakama haikuitaja.

Na hiyo hospitali inayoonewa wivu, inatoa nini? Dawa, na mafunzo: jaji ni nani, mwendesha mashtaka anafanya kazi gani, ukikiri kosa nini kinafuata. Lengo ni mgonjwa aweze kushtakiwa. Akishafika hapo anarudishwa mahakamani, hata kama maradhi bado anayo.

Tena wapo wasiofika kabisa. Katika jimbo la Washington, Jaji Marsha Pechman aliamuru mwaka 2015 kwamba washtakiwa hao wasikae mahabusu wakisubiri kitanda zaidi ya siku 7. Jimbo halikutimiza. Mwaka 2023 aliliamuru lilipe zaidi ya dola milioni 100 kwa kukaidi amri ya mahakama. Miaka minane hiyo yote, wagonjwa walikuwa wakisubiri ndani ya seli, wengine wakizidiwa humohumo, na mlango wa hospitali hawajauona.